Jina Lako Liwe Katika Orodha ya Abiria
Mwongozo kwa wasafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar

Safari ya boti ya mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua muda wa saa mbili hivi, na kwa watu wengi imekuwa jambo la kawaida kama kupanda daladala. Wafanyabiashara huvuka asubuhi na kurudi jioni. Wanafunzi, wagonjwa, wageni wa harusi na wafiwa hukutana katika foleni moja. Mazoea hayo, hata hivyo, yana hasara yake. Abiria aliyezoea hununua tiketi kwa mtu wa njiani, humwachia ndugu yake tiketi yenye jina lisilo lake, na huyaona maswali ya wahudumu kuwa usumbufu.

Katika makala haya tunaeleza hatua za kupita katika jengo la abiria, kuanzia barabarani hadi kushuka Malindi. Tutaonyesha pia kwamba nyingi ya hatua hizo zinahusu jambo moja: kila aliyemo chomboni awe na jina katika orodha ya abiria, na kila jina lililo katika orodha liwe la mtu aliyemo chomboni.

Kwa nini orodha ni muhimu

Chombo kinapokuwa baharini, orodha ya abiria ndiyo kumbukumbu inayobaki nchi kavu. Ikitokea ajali, waokoaji hutaka kujua mapema kabisa: ndani wamo watu wangapi? Jibu la swali hilo husaidia kuamua msaada wa kiasi gani upelekwe na, baadaye, kama bado kuna mtu wa kutafutwa.

Nchi yetu imeonja uchungu wa kukosa jibu hilo. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander I ilizama katika bahari ya Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, na idadi kamili ya waliokuwamo haikujulikana kwa uhakika. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Familia ambayo jina la ndugu yao halimo katika orodha hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba alisafiri, ndipo iulize habari zake.

Mkataba wa kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS, unataka watu wote wahesabiwe kabla meli ya abiria haijaondoka. Unataka pia majina na jinsia zao ziandikwe, na watu wazima watofautishwe na watoto na wachanga. Taarifa za abiria aliyetamka kwamba atahitaji msaada maalumu wakati wa dharura nazo hutakiwa kuwekwa na kufikishwa kwa nahodha. Mkataba huo ulitungwa kwa ajili ya safari za kimataifa, lakini hekima yake haipungui katika safari za ndani. Kwa hiyo, mhudumu anapokuuliza jina, umri au kitambulisho, asidhaniwe kuwa mdadisi: anajaza kumbukumbu itakayotumika kukutafuta.

Kufika mahali sahihi

Mgeni wa jiji akimwambia dereva wa bodaboda au bajaji “nipeleke Feri”, huenda akafikishwa Magogoni, penye soko la samaki na vivuko vya Kigamboni ambavyo wengi huviita pantoni. Hapo sipo zinapopandiwa boti za Zanzibar. Jengo la abiria wa Zanzibar liko Barabara ya Sokoine, upande wa bahari, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwambie dereva wazi: “Bandarini, kwenye boti za Zanzibar.” Anayetumia mabasi ya mwendokasi ashuke Posta ya Zamani; akipitiliza hadi Kivukoni atajikuta upande wa pantoni.

Jambo jingine linalowachelewesha wengi ni saa. Tiketi nyingi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ilhali sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Tiketi inayosema 07:00 ni ya saa moja asubuhi. Inayosema 12:30 ni ya saa sita na nusu mchana. Inayosema 15:30 ni ya saa tisa na nusu alasiri. Ukiwa na shaka, muulize mkata tiketi akutajie saa kwa Kiswahili, kisha uiandike. Ulizia pia saa ya kufungwa kwa lango, kwa kuwa lango hufungwa kabla ya boti kung’oa nanga. Tunashauri ufike angalau saa nzima kabla ya safari, na mapema zaidi siku za kuelekea Idi, Mwaka Mpya na mwanzo wa likizo za shule.

Kukata tiketi

Nunua tiketi katika dirisha la kampuni yenye chombo, kwa wakala anayetambuliwa na kampuni hiyo, au katika mfumo wake wa mtandaoni. Nje ya lango utakutana na vishoka: vijana wachangamfu watakaokuambia kwamba dirishani tiketi zimekwisha, au kwamba wao wana bei nafuu. Kishoka anaweza kukuuzia tiketi ya jana, tiketi ya mtu mwingine au karatasi isiyo na thamani. Hata tiketi ikiwa halali, ikiwa na jina la mtu mwingine basi orodha ina mtu asiyekuwapo na haina wewe uliyepo.

Nenda na kitambulisho: cha Taifa, cha Mzanzibari mkaazi, au pasi ya kusafiria. Kwa mtoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kabla ya kuondoka dirishani, soma tiketi yako na uhakikishe mambo matano: jina, tarehe, saa, mahali unapotoka na unapokwenda, na daraja ulilolilipia. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi ukiwa bado dirishani kuliko ukiwa langoni huku boti ikipiga honi.

Tunasisitiza mambo matatu ambayo abiria wengi huyapuuza.

Mosi, mtoto mchanga aandikishwe hata kama halipiwi nauli. Kutolipa hakumwondoi katika hesabu ya watu.

Pili, tiketi haiazimwi wala hairithiwi. Ukiahirisha safari, rudi kwa kampuni ubadilishiwe jina au tarehe kwa utaratibu wake. Masharti ya kubadili tarehe na kurudishiwa nauli yasomwe au yaulizwe kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa yatakuwa yamekufunga.

Tatu, mwenye ulemavu, mjamzito, mgonjwa au mzee atakayehitaji kushikwa mkono aseme wakati wa kukata tiketi. Asisubiri hadi ngazi ya kupandia. Wahudumu hawawezi kujiandaa kwa jambo wasilolijua.

Ukaguzi na chumba cha kusubiri

Langoni utaonyesha tiketi na kitambulisho, na mizigo yako itapita katika ukaguzi. Usikubali kubeba kifurushi cha mtu usiyemjua, hata akikubembeleza kwamba ni dawa ya mama yake na atapokewa Malindi. Mzigo uliomo mkononi mwako ni wako mbele ya mkaguzi.

Dawa, fedha, simu na nyaraka zikae katika mkoba utakaobaki nao. Sanduku kubwa lifungwe imara na liwe na jina na namba ya simu. Ukipewa kipande cha namba ya mzigo, kitunze kama unavyotunza tiketi. Mzigo wa biashara huweza kuwa na malipo yake mbali na nauli: uliza mapema na udai stakabadhi. Ukihitaji mpagazi, elewaneni bei kabla hajainua mzigo, na mfuatane naye hatua kwa hatua.

Ukiwa katika chumba cha kusubiri, sikiliza matangazo. Huenda kampuni zaidi ya moja zikapakia kwa nyakati zinazokaribiana, na foleni ndefu kuliko zote huenda isiwe yako. Linganisha jina la chombo lililo katika tiketi na lile linalotangazwa.

Ndani ya chombo

Ukishaketi, jambo la kwanza litazame: jaketi okozi ziko wapi, na mlango wa dharura ulio karibu nawe ni upi. Ukiwa na mtoto, muulize mhudumu zilipo jaketi za watoto. Maelezo ya usalama ni ya dakika chache. Simu inaweza kusubiri.

Wakati wa Kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na wengi hutapika. Kula chakula chepesi kabla ya safari, na umuulize mfamasia kuhusu dawa ya kichefuchefu, hasa kwa mtoto au mjamzito. Chombo kikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, tunawasihi abiria wasiwashinikize mabaharia kuondoka. Kulala Dar es Salaam usiku mmoja zaidi ni usumbufu, lakini usumbufu huo una tiba.

Ukiona watu wamejazana hadi katika njia za kupita, au wanapandishwa bila tiketi kukaguliwa, una haki ya kushuka kabla boti haijaondoka na kutoa taarifa papo hapo kwa maofisa waliopo gatini. Usiogope kuonekana mkorofi.

Kushuka Malindi

Bandari ya Malindi iko pembeni mwa Mji Mkongwe. Hapo pia ndipo zinapoondokea boti za Pemba, na siku ambayo meli kubwa ya watalii imetia nanga, msongamano huongezeka. Subiri chombo kifungwe kamba ndipo usimame. Chukua mzigo kwa kuonyesha kipande chako cha namba. Raia wa kigeni wawe na pasi zao mkononi. Wachukuzi wa Malindi nao huelewana bei kwanza. Anayeunganisha safari kwenda Pemba akumbuke kwamba hiyo ni safari nyingine yenye orodha nyingine: jina lake liandikwe upya.

Ukiwa na malalamiko

Anza kwa kampuni yenye chombo, kwa maandishi, na uombe jibu la maandishi. Kuhusu jengo, vyoo, taa na usafi wa bandari, mhusika upande wa Dar es Salaam ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na upande wa Malindi ni Shirika la Bandari Zanzibar. Kuhusu usalama wa chombo, kujaza abiria kupita kiasi na kutoridhika na jibu la kampuni, mfikie mdhibiti: kwa Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini.

Eleza jina la chombo, tarehe, saa na kilichotokea, ukiambatanisha nakala ya tiketi na picha kama zipo. Kwa sababu hiyo usitupe tiketi ukishafika. Lalamiko lenye tiketi tunaweza kulifuatilia hadi kwenye safari yenyewe na kuuliza aliyekuwa zamu. Lisilo na tiketi mara nyingi hukwama katika swali la kwanza, yaani kama kweli ulikuwamo.