Bogenvilia na wisteria: nani bingwa wa ukuta?

Kaskazini-mashariki ya Los Angeles, chini ya milima ya San Gabriel, kuna miji miwili midogo ambayo umbali kati yake haufiki kilomita 25. Sierra Madre ina wisteria iliyoingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mmea mkubwa kuliko yote duniani miongoni mwa mimea ya maua. Glendora ina safu ya bogenvilia ambayo jimbo la California limeitambua kuwa kubwa kuliko zote nchini Marekani. Hakuna kati yao aliye mwenyeji. Wisteria ile asili yake ni China, na bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtu anayetaka kuwapambanisha mabingwa hawa wawili wa kutambaa ukutani hapati uwanja wa haki kuliko huo: jua lao moja, mvua yao moja, na umri wao unapishana kwa miaka saba tu.

Kwa ukubwa hakuna ubishi. Mwaka 1894 Alice Brugman alinunua mche wa wisteria kwa senti 75, ukiwa ndani ya mkebe wa galoni moja, akaupanda kando ya baraza ya nyumba yake. Mche huo sasa umefunika karibu ekari nzima. Matawi yake marefu yamefika mita 150, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 250. Ukichanua, katika majuma matano hivi, hutoa maua yanayokadiriwa kufika milioni moja na nusu. Nyumba ya kina Brugman haikuhimili: mmea uliilemea, ukapasua paa na kuta mpaka ikabidi ibomolewe. Wenye kiwanja waliofuata walijenga nyingine mwaka 1931, safari hii mita 60 hivi kutoka pale, wakaiachia wisteria uwanja. Rekodi nyingi za bustani hugharimu samadi na maji, lakini hii iligharimu nyumba.

Bogenvilia za Glendora zilipandwa mwaka 1901 na mkulima wa machungwa, zikakwea miti ya mapambo ya jamii ya minazi iliyokuwa kando ya barabara hadi zikafika vileleni. Mbegu yao, kwa maelezo ya kibao cha kumbukumbu cha jimbo, ililetwa California na meli ya wavua nyangumi yapata mwaka 1870. Mwaka 1978 ziliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Ila tuseme ukweli: hizo ni mashina mengi yaliyopangwa mstari, na ya Sierra Madre ni shina moja. Ni timu dhidi ya mchezaji mmoja, na mchezaji mmoja ameshinda.

Katika umri, wisteria inaongoza tena, na hapa inabidi twende Japani. Huko Ushijima, katika mji wa Kasukabe, kuna wisteria inayosemekana kuwa na zaidi ya miaka elfu moja, nayo inalindwa na serikali kama hazina ya asili. Lakini inayonivutia mimi zaidi ni ile ya Ashikaga, ambayo ni kijana wa miaka mia na hamsini hivi. Shamba ilimokuwa lilihitajiwa kwa shughuli nyingine, na wataalamu wengi walisema mti wa namna hiyo hauhamishiki. Tsukamoto Konami, daktari wa miti, akakubali kazi. Aliyakata matawi na mizizi kidogo kidogo kwa muda mrefu ili mmea uzoee, akafunga shina kwa plasta ileile ya hospitali ya kuungia mifupa ili kamba na vyuma visilichubue, kisha mwaka 1996 likapakiwa na kusafirishwa kilomita 20 hivi. Halikufa. Leo uchanja wake una eneo la mita za mraba elfu moja, na mwezi wa Aprili watu hupanga foleni kupita chini yake usiku, taa zikiwa zimewashwa. Kama kuna rekodi ya mmea uliohamishwa kwa ushupavu kuliko yote, mimi naipa hiyo.

Wisteria ya Kijapani ndiyo pia yenye vishada virefu zaidi. Ile ya Kichina vishada vyake huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, ilhali aina ndefu za Kijapani hupita mita moja. Harufu yake nayo ni tamu, na bogenvilia hapo haina la kusema: aina nyingi zinazopandwa bustanini hazinukii kabisa.

Mpaka hapa msomaji wa Tanga au Malindi atakuwa ameshakasirika. Asubiri, maana zamu ya rangi imefika.

Kile tunachokiita ua la bogenvilia si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni vile vijibomba vidogo vyeupe vilivyojificha katikati. Wadudu na ndege huvutwa na majani, na sisi vilevile. Udanganyifu huo una faida kubwa: petali halisi hunyauka kwa siku chache, lakini majani hayo hukaa majuma mengi yakiwa yameiva rangi. Kisha rangi zenyewe ni zambarau, nyekundu, waridi, chungwa, njano na nyeupe. Wisteria ina zambarau, samawati hafifu, waridi hafifu na nyeupe, basi.

Nyekundu ya bogenvilia ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1910 hivi bibi mmoja, R. V. Butt, aliikuta Cartagena, Kolombia, akaichukua hadi Trinidad, na mpaka leo aina hiyo inaitwa Mrs Butt duniani kote. Mwaka 1949, katika bustani ya chama cha kilimo cha Calcutta, tawi moja la Mrs Butt liliasi likatoa majani meupe na ya waridi kwa pamoja. Hiyo ndiyo Mary Palmer, bogenvilia ya rangi mbili katika shina moja. Ukiiona kwenye kitalu cha miche usidhani muuzaji amekuchanganyia.

Safari ndefu zaidi nayo ni ya bogenvilia. Mwaka 1767 merikebu za Louis Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyekuwa akizunguka dunia, zilitia nanga Rio de Janeiro. Mtaalamu wa mimea wa msafara, Philibert Commerson, alikuwa na msaidizi aliyevaa mavazi ya kiume, naye ni Jeanne Baret, anayejulikana kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Commerson alikuwa na mguu mbovu, kwa hiyo kazi kubwa ya kupanda vilima na kukusanya mimea ilimwangukia Baret. Huenda mkono wa kwanza kuikata bogenvilia kwa ajili ya sayansi ulikuwa wake, lakini mmea ulipewa jina la nahodha.

Kutoka huko imefika kila mahali penye joto. Grenada imeifanya ua la taifa. Nairobi, Peter Greensmith alipokuwa msimamizi wa bustani za jiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipandwa kwa wingi, hata kando ya Uhuru Highway.

Sasa rekodi ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kwa mwenye bustani: nani anakupa maua mengi kwa shida kidogo? Wisteria inataka majira ya baridi ili ilale, ndipo ichanue, na inachanua majuma machache tu kwa mwaka. Ukiiotesha kwa mbegu unaweza kungoja miaka 10 au 15 kabla ya kuona kishada cha kwanza, ndiyo maana wenye busara hununua mche uliobebeshwa. Maganda na mbegu zake zina sumu, hasa kwa watoto wanaodhani ni kunde. Bogenvilia unakata kipande cha shina lililokomaa, unachomeka kwenye mchanga, na mwaka haujaisha unaona rangi. Ukiinywesha sana inatoa majani mabichi tu. Ukiisahau kidogo wakati wa kiangazi, inachanua kwa hasira. Dosari yake ni miiba, inayochoma mpaka ndani ya glavu, kwa hiyo usiipande penye njia nyembamba ya watoto kukimbilia.

Kwa hiyo mizani inasimama hivi. Ukubwa wa shina moja, umri, urefu wa kishada na harufu ni vya wisteria. Rangi, urefu wa msimu, wepesi wa kuota na uvumilivu wa kiu ni vya bogenvilia. Anayeishi pwani asijisumbue na wisteria, maana hakuna baridi ya kuilaza. Kama moyo wako umeganda kwenye vile vishada vya zambarau, tafuta petrea, mmea mtambaazi wa Amerika ya joto wenye majani ya kukwaruza kama msasa, unaotoa vishada vinavyofanana navyo na unaostahimili joto letu. Na ukibahatika kuishi penye baridi ya kutosha, ukaamua kupanda wisteria, jenga uchanja wa nguzo imara mbali na nyumba, upogoe kila mwaka, na usiruhusu tawi hata moja liguse paa.