Reli ya Mbio ya London na Birmingham: Kwa Nini Watu Wanaibishania

Huko Uingereza inajengwa reli mpya ya magari ya mbio, yenye urefu wa maili 140 hivi, kutoka London mpaka mji wa Birmingham. Jina lake kwa kifupi ni HS2. Serikali ilitangaza njia yake mwezi wa Machi 2010, na tangu hapo watu hawajaacha kushindana juu yake Bungeni, magazetini na katika mikutano ya vijijini. Wasomaji walioiona reli mpya ya Mombasa na Nairobi ikianza kazi mwaka 2017, na waliosikia mabishano ya kuipitisha katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, hawatashangaa. Reli haigusi chuma na mawe tu; inagusa mashamba, nyumba na kodi. Hata makaburi huguswa. Karibu na stesheni ya Euston, London, ilibidi mazishi ya zamani yafukuliwe, na mwaka 2019 ikaonekana humo mifupa ya Kapteni Matthew Flinders, baharia aliyeizunguka Australia.

Yafaa kwanza kueleza sababu ya kuitaka reli hiyo, kwa maana wengi wameielewa vibaya, na lawama ni ya wale walioitangaza. Wao walisifu mbio. Walisema kwamba safari ya kwenda Birmingham, ambayo huchukua saa moja na dakika 20 hivi, itakuwa ya dakika 50 au pungufu. Basi wapinzani wakacheka: je, mabilioni ya pauni yatumike ili mfanya biashara apate nusu saa zaidi ya kunywa chai?

Lakini sababu yenye nguvu ni nafasi. Reli ya zamani ya njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1838, na leo hupitiwa na magari ya kila namna: ya mbio yaendayo Manchester na Scotland, ya abiria yanayosimama kila stesheni, na ya mizigo. Reli si kama barabara. Motokaa ikikuta punda mbele yake hupita kando. Gari la moshi (nasi twaendelea kuliita hivyo hata kama linakwenda kwa umeme) haliwezi. Gari la mizigo likitangulia, gari la mbio litalifikia nyuma na kusimamishwa na taa nyekundu. Kwa hiyo wakuu wa reli huacha pengo kubwa mbele ya kila gari la mbio, na katika pengo hilo magari kadhaa ya mwendo mmoja yangaliweza kupita. Yakiondolewa magari ya mbio na kupewa reli yao, yale yanayobaki yatafuatana karibu karibu. Hapo ndipo wakaaji wa miji midogo watapata magari mengi zaidi ya kwenda kazini, na mizigo itaondoka barabarani. Hayo yalielezwa pia, lakini sauti ya mbio ilikuwa imekwisha kuyafunika.

Wapo waliosema reli ya zamani itengenezwe tu. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Kazi kubwa ya kuifanya upya njia hiyohiyo iliisha mwaka 2008. Iligharimu kama pauni bilioni 9, na kwa miaka mingi abiria waliteswa na stesheni zilizofungwa na safari zilizokatizwa. Kutengeneza reli inayotumiwa kila siku ni kama kuezeka nyumba upya wakati wenyewe wamelala ndani na mvua inanyesha.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Magari haya yamekusudiwa kwenda hata maili 225 kwa saa. Gari la mwendo huo haliwezi kupinda ghafula. Likipinda, ni lazima pindo liwe pana la maili nyingi. Ndiyo sababu mstari uliochorwa kwenye ramani ulikuwa karibu kunyoka kabisa, ukakata vilima vya Chiltern, misitu ya kale, na mashamba ya watu. Wengi waliuliza kwa nini reli isifuate barabara kuu ya motokaa, kama ile iendayo Kent na Ufaransa ilivyofanya kwa sehemu kubwa. Jibu lilikuwa kwamba barabara hupinda mno. Huenda wangalikubali mwendo mdogo kidogo wangalipata njia yenye ugomvi mdogo. Mbio zilizotumiwa kuisifu reli ndizo pia zilizoinyima nafasi ya kukwepa.

Tena wakulima wa Buckinghamshire walikuwa na neno zito. Tangu Old Oak Common, magharibi ya London, hata kukaribia Birmingham hakuna stesheni hata moja. Mtu ambaye shamba lake limekatwa vipande viwili, zizi upande huu na malisho upande ule, atasikia kelele za magari lakini hataweza kuyapanda. Sheria za Bunge zilimpa haki ya kuja kujieleza mwenyewe mbele ya kamati, na maombi zaidi ya 2,500 yaliletwa. Maombi hayo hayakuwa ya bure, kwani handaki la chini ya vilima vya Chiltern lilirefushwa hata likawa la maili 10. Sheria ilipita Februari 2017. Wakulima wengi walilalamika baadaye kwamba fidia inakawia kuja.

Na kila handaki lina gharama yake. Mwaka 2013 hesabu ya reli yote, pamoja na matawi ya Manchester na Leeds, ilikuwa kama pauni bilioni 50. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulisema huenda ikafika bilioni 106. Bunge la London halina ugeni na mambo hayo; mwaka 1896 liliruhusu pauni milioni 3 kwa reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, na kazi ilipokwisha zilikuwa zimetumika zaidi ya milioni 5.

Gharama ilipopanda, matawi yakakatwa. Sehemu kubwa ya tawi la Leeds iliondolewa Novemba 2021, na tarehe 4 Oktoba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliufuta mstari wa Manchester, akiwa katika mji huohuo wa Manchester. Kwa shauri hilo magari mapya yatakapopita Birmingham yatarudi katika reli ya zamani, palepale penye msongamano. Wakaguzi wa hesabu za Serikali walionya Julai 2024 kwamba viti vya kwenda Manchester huenda vikapungua kuliko vilivyopo. Mwezi wa Juni 2025 Waziri wa Uchukuzi aliliambia Bunge kwamba hata sehemu iliyobaki haiwezi kufunguliwa mwaka 2033 kama ilivyotarajiwa.

Huko kaskazini watu wengine walikuwa wamekwisha kuuza nyumba zao na kuhama ili kuipisha reli. Serikali ikabaki na nyumba na mashamba ambayo reli haiyahitaji tena.