Mpira wa bafuni: Maji huweza kurudi yalikotoka

Ingia katika bafu la nyumba yoyote ya mjini iliyojengwa au kukarabatiwa miaka ya karibuni, na kwa hakika utaukuta mpira. Pengine ni ule uliovikwa chuma chenye kung'aa, ulioshika kichwa cha shawa ya mkono. Pengine ni ule mwembamba ulio kando ya choo, wenye kibomba cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Na kama fundi hakuvileta hivyo viwili, basi upo mpira wa bustani uliochomekwa kwenye koki, nao mwisho wake umezama katika ndoo au pipa. Wengi wetu huuona mpira huo kuwa msaidizi mwaminifu: huogesha watoto, husafisha sakafu, hujaza vyombo usiku wakati sisi tumelala. Lakini ni nadra mtu kujiuliza kama mpira huo, uliotuletea maji, waweza pia kuyachukua maji ya ndoo na kuyarudisha ndani ya bomba.

Waweza, na tena huyarudisha kimya kimya, bila mwenye nyumba kujua.

Kila aliyepata kuhamisha mafuta ya taa kutoka katika pipa kwa kutumia kipande cha mpira anaifahamu kazi hii, ijapokuwa huenda hakuwahi kuifikiria kwa upande wa maji. Huuzamisha mpira ndani ya pipa, akavuta kidogo kwa mdomo, akaushusha mwisho wa pili chini ya pipa, na mafuta yakaanza kutiririka yenyewe hata pipa likaisha. Hakuna pampu hapo. Uzito wa mafuta yanayoshuka ndio unaoacha nafasi tupu nyuma yake, na hewa iliyo juu ya pipa inayasukuma mafuta mengine yakaijaze nafasi hiyo. Hewa hii tunayoipumua, ambayo hatuihisi kuwa na uzito, ina nguvu za kuyapandisha maji katika bomba tupu kwa kimo cha mita zipatazo 10 hapa pwani; na hata Nairobi, mji ulio juu zaidi na wenye hewa nyepesi, kimo hicho huzidi mita 8. Hiyo ni ghorofa mbili na ziada.

Sasa tuiweke habari hii nyumbani. Mama amemwogesha mtoto katika beseni kwa shawa ya mkono, na alipoitwa sebuleni akakiacha kichwa cha shawa kikielea katika maji yenye sabuni, koki ikiwa wazi. Wakati huo huo maji ya barabarani yamekatika. Jirani wa chini anafungua bomba la jikoni ajaze sufuria. Kilichobaki katika mabomba kinashuka kwake kwa uzito wake chenyewe, na nyuma yake panabaki utupu. Utupu huo unatafuta cha kuujaza. Kama kichwa cha shawa kingekuwa kinaning'inia ukutani, kingevuta hewa na mambo yangeishia hapo. Lakini kimezama, kwa hiyo kinavuta maji ya beseni, na maji hayo yanashika njia ya kwenda katika sufuria ya jirani.

Ndoo ya kufulia, pipa la maji ya kudekia, bakuli la choo: vyote hivyo huweza kuvutwa kwa namna hiyo hiyo, mradi tu mpira umefika humo na koki imeachwa wazi.

KOKI ILIYOACHWA WAZI USIKU

Katika nchi ambazo maji hayakatiki, jambo hili hutokea kwa nadra: bomba kuu likipasuka, au wazima moto wakifungua mabomba yao na kuyavuta maji mengi kwa mara moja. Kwetu sisi hali ni nyingine. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mgao wa mwaka 2021 na ule wa 2022, kina cha mto Ruvu kilipopungua kwa ukame. Na zipo sehemu za miji yetu ambazo hazikuhitaji ukame ili zijue mgao ni nini. Mahali ambapo maji huja na kuondoka, mabomba hujaa na kukauka mara kwa mara, na kila yanapokauka hutafuta cha kuvuta.

Nasi tumejifunza tabia inayolingana na hali hiyo. Mtu hufungua koki, haoni maji, huiacha wazi ili asikie yatakapoanza kutoka. Na ili asiamke kuyakimbilia, huuzamisha mpira ndani ya pipa hadi chini, usije ukaruka na kuilowesha nyumba. Ni busara ya mtu aliyechoka kutokana na kazi za mchana, na hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo, hapo ndipo masharti yote ya balaa yamekutana: bomba tupu, koki wazi, na mdomo wa mpira chini ya maji. Nyumba zilizo juu ya vilima, kama zile za Mwanza, ndizo zinazokuwa hatarini zaidi, kwa sababu maji yaliyosalia humiminika kuelekea kwa majirani walio bondeni na kuvuta kutoka kwao walio juu. Anayekunywa uchafu si mwenye pipa. Ni mtu wa nyumba ya tatu au ya nne, ambaye hajui hata jina la mwenye pipa.

Ipo pia pampu. Baadhi ya watu huifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la barabarani ili wayavute maji kabla ya wengine. Mbali na dhuluma iliyomo, pampu ya namna hiyo huutengeneza utupu kwa makusudi: huvuta kupitia mipira yote ya jirani iliyozama, na huvuta pia maji ya mitaro kupitia nyufa za mabomba yaliyopita humo. Anayetaka kutumia pampu aache maji yaingie kwanza kwenye tangi lake yenyewe, kisha apampu kutoka katika tangi.

Pengine utasema kuwa maji ya bomba yametiwa dawa. Ni kweli, na Shirika la Afya Duniani hushauri klorini isipungue miligramu 0.2 kwa kila lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Kiasi hicho hutosha kuwadhibiti wadudu wachache waliobaki njiani. Hakikuwekwa kwa ajili ya kupambana na ndoo nzima ya maji ya chooni.

WACHEZAJI WA WORCESTER

Msomaji asidhani kuwa haya ni mahesabu ya vitabuni. Mwaka 1969, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Holy Cross ilikuwa katika mazoezi kabla ya msimu kuanza. Karibu na uwanja wao wa mazoezi palikuwa na mabomba ya kumwagilia nyasi, ambayo koki zake zilikuwa ndani ya mashimo ardhini, na mashimo hayo yalituamisha maji. Watoto wa nyumba jirani, ambao baadhi yao walikuwa na homa ya manjano ya ini, walikuwa wakicheza hapo.

Tarehe 29 Agosti moto ulizuka mjini. Wazima moto wakavuta maji mengi, nguvu ya maji katika bomba kuu ikaanguka, na bomba la uwanjani likayanyonya maji ya yale mashimo. Nguvu iliporejea, maji hayo yakasukumwa hadi kwenye bomba ambalo wachezaji walikuwa wakinywea. Hakuna aliyeonja kitu. Ugonjwa huo hukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya kujitokeza. Ulipojitokeza, watu 90 kati ya 97 wa timu, wachezaji na walimu wao, walikutwa wameambukizwa. Timu ilikwisha kucheza michezo 2, na msimu uliobaki ukafutwa. Vijana wenye afya ya kupigiwa mfano waliangushwa na shimo la maji ambalo hawakulikaribia.

Miaka 36 kabla ya hapo, mwaka 1933, Chicago ilikuwa na Maonyesho ya Dunia na wageni wakajazana katika hoteli. Katika hoteli mbili zilizokuwa jirani, mabomba mabovu yaliyokutanisha maji safi na maji machafu yalieneza ugonjwa wa kuhara damu uletwao na amiba. Walihesabiwa wagonjwa 1,409, na 98 kati yao walifariki. Tangu wakati huo mafundi wa nchi nyingi hufundishwa kuwa maji safi na maji machafu hayana budi kutenganishwa na hewa.

KINGA YA BURE NA KINGA YA DUKANI

Kinga iliyo bora kupita zote ni hiyo hewa, nayo haiuzwi. Mdomo wa bomba au wa mpira ukae juu ya ukingo wa chombo, si juu ya maji tu, maana maji hupanda. Na nafasi hiyo iwe angalau mara mbili ya upana wa ndani wa bomba, wala isipungue milimita 25. Kwa bomba letu la kawaida la nusu inchi, upana wa vidole viwili unatosha. Ufunge mpira wa kujazia pipa kwa kamba au kwa waya ili mdomo wake uning'inie juu ya ukingo. Utasikia kelele za maji usiku, vumilia.

Hapa yafaa tuliheshimu kopo. Desturi ya pwani ya kutawadha kwa kopo, ambayo vijana wa siku hizi huiona ya kizamani, ilikuwa salama kabisa kwa mabomba, kwa kuwa kopo halikuunganishwa na kitu chochote. Mpira wa chooni ndio ulioleta daraja kati ya bakuli na bomba.

Shawa ya mkono irudishwe kwenye kishikio chake kila baada ya kuoga, na koki ya ukutani ifungwe. Huo mpira wa chooni nao ufungwe kwenye koki yake ndogo ya ukutani, si kwa kibonyezo peke yake. Kibonyezo cha plastiki huchoka upesi, na mpira unaobaki na msukumo wa maji usiku kucha hupasuka siku ambayo hamna mtu nyumbani. Jambo jingine ni urefu. Shawa nyingi huuzwa na mpira wa mita 1.5, ambao katika mabafu yetu madogo hufika sakafuni na hata chooni. Nunua mfupi zaidi, au mwambie fundi akuwekee pete ukutani ambamo mpira unapita, ili kichwa kisiweze kushuka chini ya ukingo wa beseni. Pete ya namna hiyo hutumika sana Uingereza, na fundi mwerevu huitengeneza kwa kipande cha bomba.

Ndipo tufike kwenye vali ya njia moja. Ni kidude kidogo chenye springi, kinachokaa mahali mpira unapoungana na ukuta au ndani ya mshikio wa shawa. Hufunguka maji yakija na kujifunga yakitaka kurudi. Shawa nzuri huja nayo, na Marekani ina kanuni mahususi ya vifaa hivi kwa shawa za mkono peke yake, inayojulikana kwa nambari 1014. Shawa za bei ya chini mara nyingi hazina. Unaweza kuipima mwenyewe: fungua mpira, itoe vali, uioshe, uipulize kwa mdomo upande mmoja kisha wa pili. Pumzi ikipita pande zote, hiyo vali imekufa. Katika mabomba yetu huuawa na mchanga unaokuja na maji ya kwanza baada ya mgao, basi ipime kila baada ya miezi michache.

Hata hivyo usiitegemee peke yake kwa upande wa choo. Kanuni za Uingereza za mwaka 1999 zimeyagawa maji katika madaraja 5 kwa kadiri ya hatari yake. Yaliyogusana na kinyesi ni ya daraja la 5, na kwa hayo vali ya njia moja haikubaliwi kuwa kinga ya kutosha, hata zikiwekwa mbili. Mpira wa choo ni bora upate maji kutoka katika tangi dogo la peke yake, ambalo linajazwa kwa juu na ambalo halilishi bomba la jikoni. Kwa nyumba inayojengwa sasa gharama yake ni ndogo. Kwa nyumba ya kupanga, wapangaji wanaweza kulizungumza na mwenye nyumba wakiwa pamoja, maana bomba lao ni moja.

Mwenye tangi juu ya paa naye apande siku moja alitazame. Bomba linaloingiza maji lazima limwage juu ya tundu la kufurikia. Mafundi wengine huliongezea kipande kinachozama hadi chini ili kuondoa kelele, mwambie akikate.

Na maji yanaporejea baada ya kukatika, yaache yatiririke kwanza katika ndoo ya kudekia, yatazame na uyanuse. Yakiwa na povu, rangi au harufu ya sabuni, toa habari kwa mamlaka ya maji na kwa majirani siku hiyo hiyo, kisha zungukeni nyumba kwa nyumba mkitafuta mpira uliozama. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri, hata yakionekana meupe.