Meno ya Zipu na Mtumba wa Kazeh

Haya, kila mmoja atafute zipu iliyo karibu naye: ya begi la shule, ya sweta, ya mgongoni mwa gauni la dada. Ivute juu, ishushe. Tutairudia. Kwanza twende Tabora ya zamani, pale wasafiri walipopaita Kazeh.

Wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walifika hapo mwaka 1857 wakitokea pwani. Mizigo ilisafiri mabegani na vichwani mwa watu, na mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Vitambaa vya merikani na kaniki vilikunjwa, vikashindiliwa mpaka vikawa vigumu kama gogo, vikakazwa kwa kamba. Mzigo huo uliitwa mtumba. Ndiyo, neno lilelile la nguo zenu za sokoni!

Sasa mnapita Ugogo, mtemi anadai hongo. (Msicheke. Siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, ikilipwa mchana kweupe.) Anataka doti nne za merikani. Fungua kamba yote, toa doti nne, kunja, shindilia, funga tena. Na kesho kuna mtemi mwingine. Zipu ya kuvuta mara moja ingewafaa kweli!

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari za wapagazi zikafifia. Mwaka uliofuata, huko Marekani, fundi mzaliwa wa Sweden aitwaye Gideon Sundback alibuni zipu inayoshika kweli. Kabla yake Whitcomb Judson alikuwa ameionyesha ya kwake Chicago, mwaka 1893, lakini ilikuwa na tabia ya kufunguka yenyewe.

Siri ya Sundback ni hii. Kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kichwa cha zipu kina njia mbili zinazoungana kuwa moja, kama herufi Y. Ukikivuta, kinayabana meno ya pande mbili, kinundu cha hili kinazama kwenye kishimo cha lile. Ukikirudisha, kabari iliyo ndani inayatenganisha. Mabegi mengi ya sasa yana uzi wa nailoni uliopindwa kama springi badala ya meno ya chuma, ila kazi ya kichwa ni ileile.

Nilipokuwa nasoma bweni, begi langu liliachia katikati ya stesheni ya Tabora. Nilikuwa nimelijaza maembe kupita kiasi, yakabingirika hadi miguuni mwa abiria, watu wakacheka. Nikaenda kwa fundi wa mabegi nikinung'unika kwamba meno yameharibika.

"Mwanangu, meno hayana kosa," akasema. "Kichwa kimelegea."

Kumbe kwa kuvutwa kila siku kichwa hutanuka, kikapita juu ya meno bila kuyabana. Fundi akachukua plaizi, akakiminya taratibu kulia na kushoto, akapaka mshumaa kwenye meno. Vuu! Ikafunga. Hela hakutaka, alichukua maembe mawili.

Kwa hiyo zipu ikiachia, msikimbilie kumwomba mama begi jipya. Kagueni meno kwanza. Yakiwa yote yapo, mpelekeeni fundi akaze kichwa. Likiwa limeng'oka jino la katikati, plaizi haisaidii kitu: hapo ni kubadilisha zipu nzima.