Mwani haulishwi

Mvua inayonyesha Kikima na kwenye vilima vya Mbooni huishia Mto Athi, ambao hubadili jina njiani ukawa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Udongo wa mashamba yetu hufika huko pia. Kwa hiyo kilimo cha baharini si habari ya Wapwani peke yao.

Wanaokipigia debe wanasema ni chakula kisichochafua hewa. Inategemea kinachofugwa. Mwani haulishwi, wala chaza. Riziki yao imo majini. Kamba na samaki wa kulishwa wana hesabu nyingine, kwani sehemu kubwa ya gesijoto yao hutokana na chakula: soya, unga wa dagaa, na mafuta ya kuvisafirisha. Kibaya zaidi ni bwawa la kamba lililochimbwa penye mikoko. Tope la mikoko huhifadhi kaboni kwa karne nyingi, na likifukuliwa kaboni hiyo hurudi hewani. Ndiyo maana mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kwale, umefanya biashara kwa kuiacha miti isimame: tangu 2013 wanakijiji huuza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa kaboni iliyozuiwa kwenda hewani.

Je, mwani nao uuziwe hati? Mimi nisingenunua. Unapokua hufyonza kaboni, kweli, lakini huvunwa, hukaushwa, husafirishwa ng'ambo na kuishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kaboni yake haikawii kurudi hewani. Faida yake ni kwamba hauhitaji mbolea, maji baridi wala ekari ya nchi kavu.

Ajabu ni kwamba usiochafua ndio unaoumia. Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto. Wakulima wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu, inayostahimili zaidi lakini bei yake ni ya chini. Mtafiti Flower Msuya amehimiza kilimo cha nyavu kwenye kina kirefu, maji yalikopoa. Tatizo ni mtaji na ujuzi. Kwenye kina kifupi, kigingi na kamba ya manila mkulima huvimudu, na shambani hufika kwa miguu bahari ikitoka. Kina kirefu kinadai mashua na kujua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea wala hawana mashua.