Darubini ya Kericho na Suala la Hilali



Mtu wa Pwani akipanda hadi nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, hustaajabishwa kwanza na baridi, kisha na mvua. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi alasiri mawingu hujikusanya juu ya mashamba. Kwa mwenye chai hiyo ni rehema. Kwa atafutaye hilali ni pazia. Basi nilishangaa, mwishoni mwa Shaabani, kuikuta darubini ya kujiundia katika ua wa jamaa zetu waishio huko, na nikashangaa zaidi kuambiwa kuwa fundi wake ni binti wa nyumba, mwenye miaka 17.

Nyumba ile ilikuwa na kidonda. Mwaka uliotangulia baba alisali Idi kwa tangazo la Saudia, mama akaendelea kufunga akisubiri tangazo la Kadhi Mkuu wa Kenya, na watoto hawakujua wale au wafunge. Binti aliazimia kuipata picha ya mwezi mwandamo itakayowakusanya wazazi wake.

Moyo wa darubini ya namna hii ni kioo kilichobonyea. Vipande viwili vya kioo kinene vya duara, upana wa inchi 6, husuguana kimoja juu ya kingine kwa maji na unga mkali. Cha juu hubonyea taratibu, cha chini huvimba. Unga hubadilishwa kuwa laini na laini zaidi, hata mwisho kioo hung'arishwa juu ya lami. Mama yake aliniambia kwamba alipomwona bintiye ameinama miezi ile alimkumbuka bibi yake akisaga liwa juu ya jiwe. Lakini liwa husamehe. Kioo hakisamehi, kwa kuwa kosa la umbo lake halitakiwi kufikia hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Utando unaoakisi mwanga ndio pekee ambao hakuufanya nyumbani, maana hupakwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Mengine ni bomba la plastiki na sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya kitako chake, mtindo ulioenezwa Marekani na John Dobson, aliyekuwa mtawa.

Kutazama kulikuwa kwepesi. Kupiga picha ndiko kulikomtaabisha. Mbingu huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, na mwezi hupita upana wake mwenyewe kwa takriban dakika 2. Picha ya simu ilitoka imekokoteka. Ikabidi aongeze mhimili wenye mota ndogo unaoifuata mbingu, na hapo Kericho ikampa zawadi. Mhimili huo lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia, na kwa kuwa mji uko chini ya nusu nyuzi kusini mwa Ikweta, mhimili hulala karibu sawasawa na ardhi. Dira na pimamaji vilimtosha. Adui wake ni unyevu unaootesha kuvu juu ya kioo (sisi huku twapigana na chumvi), naye hukihifadhi kwa vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyotoka katika masanduku ya viatu.

Ndipo mama aliponiuliza: "Sheikh, chombo hiki kikiipiga picha hilali na jicho lisiione, tutafunga?"

Nilimjibu kwamba kuna mambo mawili yasiyochanganyika. Ibn al-Haytham wa Basra, yapata miaka elfu moja iliyopita, alieleza kwamba jicho huona kwa mwanga unaoliingia. Darubini huukusanya mwanga huo tu na kuukuza, na kwa hiyo wako wanazuoni wengi wa zama zetu wanaokubali hilali iliyoonwa kwa jicho kupitia darubini, ingawa wengine wameshikilia jicho tupu. Picha ni jambo jingine. Tarehe 8 Julai 2013, Ramadhani ya 1434 ikikaribia, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi katika dakika ileile ya kuzaliwa kwake, mchana, ukiwa chini ya nyuzi 5 kutoka kwenye jua, kwa mwanga ambao jicho la mwanadamu halina uwezo wa kuupokea. Picha ile ni kweli tupu. Lakini hakuna aliyeuona mwezi ule, na sisi tumeamrishwa kufunga kwa kuona. Kwa maoni yangu, picha ya namna hiyo hutuambia mwezi uko wapi na humsaidia shahidi kujua pa kuelekeza macho. Haisimami mahali pa shahidi.

Na hapa nawasihi akina mama: mtoto asiielekeze darubini magharibi kabla jua halijazama kabisa. Jua likiingia katika lenzi huweza kulipofua jicho kwa muda mfupi mno.

Jioni ya ishirini na tisa mvua ilinyesha tangu alasiri. Binti aliifunika darubini yake kwa turubai, tukaketi jikoni na redio mezani. Tangazo la Kadhi Mkuu lilipotoka, baba alimtazama mkewe akasema, "Mwaka huu tufuate hili, sote." Binti aliniuliza kama picha ya usiku wa pili inahesabika. Nikamwambia: kwa kuanza mwezi haihesabiki, kwa fundi inahesabika sana.

Kesho yake, mara tu baada ya kufuturu, mawingu yalipasuka kwa dakika kumi hivi. Hilali ilikuwa imelala chali kama dau juu ya vilima vya chai. Mama ndiye aliyetangulia kuinama kwenye lenzi, na binti ikambidi amwombe mara mbili asogee ili apige picha yake.