Bakteria Wanaolala Dawa Ikipita

Mgonjwa wa kifua kikuu akimeza dawa wiki chache tu, homa hushuka, hamu ya kula hurudi na kikohozi hupungua. Ndipo huuliza swali ambalo ana haki ya kuuliza: nimepona, mbona bado miezi mitano? Jibu limo katika jinsi bakteria wanavyoikabili shida.

Mwaka 1944, Joseph Bigger, mtaalamu wa bakteria mjini Dublin, aliona kwamba penisilini iliua karibu bakteria wote wa aina ya stafilokoka, ila takriban mmoja katika kila milioni. Alipowaotesha upya hao waliosalia, kizazi chao kiliuawa na penisilini ileile. Kwa hiyo hawakuwa sugu. Bakteria sugu huendelea kuzaana huku dawa ipo. Hawa walikuwa wamestahimili tu, na Bigger alishuku kwamba walinusurika kwa sababu hawakuwa wakigawanyika.

Penisilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli. Seli isiyojenga haina cha kuvurugiwa. Na bakteria huacha kujenga wakibanwa na njaa: amino asidi zikiadimika, ribosomu zinazounda protini hukwama, kimeng'enya kiitwacho RelA huutambua mkwamo huo, kisha hutengeneza molekuli ndogo, ppGpp, inayopeleka habari ya njaa seli nzima. Ribosomu mpya hupungua, ukuaji husimama. Mpango huu ni wa kale kuliko hospitali zetu zote. Umetokana na njaa, wala si vita dhidi ya vidonge.

Siprofloksasini, dawa nyingine, inayosababisha DNA ya bakteria kukatika, huamsha mpango mwingine uitwao SOS. Huo hukarabati DNA, na katika bakteria aitwaye E. koli huzalisha pia TisB, protini inayoipunguzia seli nishati hadi ikapoa. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba ukarabati huo wa dharura huongeza makosa ya kunakili DNA, na kosa moja laweza kuzaa usugu wa kweli. Aliyestahimili leo hupata muda wa kuwa sugu kesho.

Turudi kwenye mapafu. Katika vidonda vyenye oksijeni haba, vimelea wa kifua kikuu hukua polepole mno au hulala. Dawa ya isoniazidi huwaua upesi wanaokua. Waliolala huhitaji dawa za rifampisini na pirazinamidi, na kuwamaliza huchukua muda mrefu. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalionyesha kuwa zikitumiwa dawa zinazofaa, miezi 6 yatosha badala ya 18. Wagonjwa wa kwetu walichangia ushahidi unaoponya watu duniani kote.

Basi ukiwa na ndugu aliye kwenye dozi hiyo na ameanza kunenepa, usimwache aiache. Nafuu anayoiona ni ya vimelea waliokuwa macho. Miezi iliyobaki ni ya waliolala.